Bonaire na kundi la watu kumi: pangeni magari kabla ya samaki

Nikiweka picha za Bonaire, haipiti wiki bila mtu kuniandikia: tuko kama kumi hivi, tunataka kwenda kupiga mbizi, tuanzie wapi? Jibu langu huwaudhi kidogo, maana naanza na magari, nafuata na pesa, na samaki nawaweka mwisho. Watu kumi hawapigi mbizi pamoja Bonaire. Wakilazimisha, siku ya tatu utawakuta hawasemeshani mezani.

Bonaire ni kisiwa kidogo kaskazini mwa Venezuela, jirani wa Curaçao na Aruba. Tangu Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi, ingawa pesa yake tangu 2011 ni dola ya Marekani. Sisi tunaoishi Rotterdam na Utrecht tulipandia ndege Amsterdam, na wenzetu wa Mombasa na Dar wakatukuta uwanjani hapo. Mimi mbizi nilijifunzia Mnemba, kule Zanzibar, na kwa aliyezoea bahari ya kwetu ajabu ya kwanza kule ni kwamba maji hayajai wala hayakupwi kwa kiasi cha kuonekana. Kwetu wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa inafika mita nne. Nahodha anaangalia mwezi, na wewe unamngoja nahodha. Bonaire tofauti hiyo haifiki mita moja. Upepo unavuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo upande wa magharibi bahari imetulia, na mwamba wa matumbawe unaanza hatua chache tu kutoka ufukweni. Unavaa vifaa nyuma ya pikapu, unaingia majini kwa miguu yako, saa unayotaka wewe.

Uhuru huo ndio unaovunja makundi. Boti, pamoja na kero zake, inawafanya watu kumi kuwa kitu kimoja: mnaondoka pamoja, mnarudi pamoja, na wa kulaumiwa ni nahodha. Ikiondoka boti kila mtu anabaki na saa yake. Huyu anataka kuwa majini jua likichomoza, yule hajanywa chai. Huyu ameacha miwani ya mbizi chumbani, yule ameshavaa suti ya mbizi na anaiva juani akimsubiri. Mkizunguka kisiwa mkiwa msafara wa magari matatu, nusu ya likizo itaishia pembeni mwa barabara mkihesabiana.

Kwa hiyo: pikapu moja, watu wanne, jozi mbili (kila jozi inashuka na kutoka majini pamoja), na kila gari lijitegemee. Gari linachagua mahali pake, linaondoka kwa wakati wake, linachukua mitungi yake ya hewa. Vituo vingi vya mbizi vina mahali pa kupitia na gari, unateremsha mitungi mitupu na kupakia iliyojaa bila kuzungumza na mtu. Kundi zima linakutana jioni kwenye chakula, na hapo kila gari lina habari za kuwasimulia wengine. Sisi tulipanga hivyo kabla ya kununua tiketi, na nakuhakikishia hakuna mpango mwingine uliotuletea amani kuliko huo.

Kupanga jozi ni kazi ya mtu mmoja asiyeogopa lawama. Mume na mke si lazima wawe jozi. Wengine wanaelewana kila mahali isipokuwa chini ya maji. Anayemaliza hewa upesi mpe mwenzake wa namna hiyo, la sivyo mwingine atakuwa anatolewa majini kila siku mtungi wake ukiwa na nusu. Mwenye kamera mpe mtu mwenye subira asiye na kamera, kwa sababu wapiga picha wawili ni watu wawili waliopeana mgongo. Na aliyepata cheti juzi asitupiwe mwenzake mgeni ambaye naye ana mwaka hajagusa maji.

Pesa sasa. Sisi Waswahili hatuwezi hata kuchinja mbuzi bila kamati, na hapa kwa mara moja tabia hiyo inafaa. Teueni mweka hazina. Kila mtu aweke kiasi kimoja kwenye mfuko wa pamoja wa mafuta ya gari, chakula cha nyumbani na maji ya kunywa ya njiani (ya bomba ni ya bahari yaliyosafishwa chumvi, hayana tatizo, jazeni chupa). Mitungi, bia na samaki wa hotelini kila mtu alipe mwenyewe. Kuna malipo mawili ambayo watu husahau kuyaweka kwenye bajeti: kodi ya kuingia kisiwani, dola 75 tulipokwenda sisi, na ada ya hifadhi, dola 40. Yote mawili mnalipa mtandaoni kabla ya safari, na ile stakabadhi ya hifadhi mtaombwa kituo cha mbizi. Piga picha, iweke kwenye simu.

Ada hiyo sikuwahi kuisikitikia. Hifadhi ya bahari ya Bonaire ilianzishwa 1979 na inazunguka kisiwa chote, kuanzia maji yanapoishia ufukweni hadi kina cha mita 60. Kupiga samaki kwa mshale chini ya maji kulikatazwa hata kabla ya hapo, mwaka 1971. Boti haziruhusiwi kutia nanga juu ya matumbawe, zinafungwa kwenye maboya. Nikikumbuka nanga nilizoona zikidondoshwa juu ya miamba ya kwetu, namwonea Bonaire wivu.

Masharti ya hifadhi waambie watu wako kabla hawajafunga mizigo. Glavu haziruhusiwi, maana mwenye glavu hushika kila kitu. Mafuta ya kujikinga na jua yenye oksibenzoni au oktinoksati yamepigwa marufuku tangu 2021, kwa hiyo leteni shati la mikono mirefu la kuogelea na shida imekwisha. Na siku ya kwanza, hata kama umeshapiga mbizi dunia nzima, unapewa maelekezo na kufanya mbizi ya majaribio mbele ya kituo chako. Kuna mwenzetu aliyenuna kwa hilo. Ndiye aliyehitaji kuongezewa vipande vya madini ya risasi, vile vya kutia uzito, mara mbili kabla ya kuweza kuzama.

Kuna jambo zito zaidi. Mwaka 2023 ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe magumu, ambao ulikwisha kuharibu miamba ya Florida na visiwa vingi vya Karibi, uligunduliwa Bonaire. Yale matumbawe makubwa ya mviringo yenye mikunjo kama ubongo yanapata mabaka meupe, kisha yanakufa ndani ya wiki au miezi. Vituo vya mbizi vimeweka mapipa ya dawa ya kuoshea vifaa. Msiyapite. Jioni tumbukizeni kila kitu, na jaketi, lile la mbizi linalojazwa hewa, lisafishwe mpaka ndani, maana maji ya bahari hubaki humo. Na mpange siku yenu kwa kuanza na sehemu zenye afya na kumalizia zenye ugonjwa, kamwe si kinyume. Kituo kitakuambia zipi ni zipi. Magari matatu yanayokimbia huku na huko bila mpango yanaweza kubeba madhara kuliko boti moja.

Sehemu za kushukia zimewekewa alama ya mawe ya rangi ya njano kando ya barabara, kila jiwe na jina lake. Zipo zaidi ya 80 ukihesabu na za Klein Bonaire, kile kisiwa kidogo kisicho na watu kinachotazamana na mji wa Kralendijk, ambako lazima uende kwa boti. Siwezi kuzitaja zote, na sidhani inasaidia. Kwa wageni wa kundi napenda upande wa kusini, barabara ni tambarare na gari linasimama karibu na maji. Salt Pier, gati la kupakilia chumvi, ni pazuri mno: nguzo zimevikwa sponji za kila rangi na samaki wamejaa kivulini. Ila kukiwa na meli gatini hakuna kuingia, kwa hiyo muwe na mpango wa pili. Si mbali na hapo imelala Hilma Hooker, meli ya mita 72 iliyokamatwa na shehena ya bangi na kuzama Septemba 1984. Imelala ubavu kwenye mchanga wa mita 30. Ni ya kuzungukwa kwa nje tu na wenye cheti cha kina hicho. Vijana wenu wapya waacheni mita 15, kasa wako huko huko juu.

Upande wa kaskazini kuna 1000 Steps, yaani ngazi elfu moja. Ngazi zenyewe hazifiki hata 100, lakini kuzipanda na mtungi mgongoni baada ya mbizi utaamini jina. Mbele ya hapo barabara inakuwa ya kwenda upande mmoja tu: ukifika Karpata, sehemu nyingine ya mbizi, ukakumbuka umesahau mapezi, hugeuzi, unazunguka kupitia kijiji cha Rincon hadi mjini. Kila gari liwe na orodha ya vifaa imebandikwa kwenye dashibodi, isomwe kwa sauti kabla ya kuwasha injini. Mtachekana siku ya kwanza. Siku ya pili hakuna atakayecheka.

Kuingia majini ndiko kunakoumiza watu kuliko kitu kingine chochote kule. Ufukwe wa mchanga laini ni nadra. Mnakanyaga mawe ya matumbawe yaliyovunjika, yanayoteleza na kukata. Leteni viatu vya mpira vyenye soli ngumu, na mapezi ya kuvaa juu ya viatu hivyo, si yale ya mguu mtupu tuliyozoea kwenye boti. Ingieni wawili wawili mmeshikana mabega, mapezi yavaliwe maji yakifika kifuani. Mkishashuka angalieni mkondo unaelekea wapi, muanze kwa kwenda kinyume chake ili uwasukume mkirudi. Mkiingia na baa 200 za mgandamizo kwenye mita ya hewa ya mtungi, wa kwanza kufika 120 anatoa ishara na jozi nzima inageuka bila mjadala. Mtoke na 50 au zaidi.

Gari msiache kitu ndani. Wenye magari wenyewe walituambia tuache vioo wazi, kwa kuwa wezi wadogo wadogo wapo, na kioo kilichovunjwa ni ghali kuliko taulo. Simu na pasipoti zibaki nyumbani. Ombeni gari lenye ufunguo wa kawaida usio na umeme, uende nao majini kwenye mfuko wa jaketi.

Usiku nendeni walau mara moja, mahali ambapo mmeshashuka mchana. Taponi, samaki wakubwa wa rangi ya fedha wanaoweza kukufikia kiunoni, hufuata mwanga wa tochi yako na kuwinda ndani yake. Waambie watu mapema, la sivyo wa kwanza kupitiwa ubavuni na mnyama wa ukubwa huo atapanda juu kama boya. Mtamwona pia samaki-simba. Kwetu ni mwenyeji na hatumjali. Kule ni mvamizi, alionekana mara ya kwanza 2009, na wapo wenye kibali maalumu cha kumwinda.

Mbizi ya mwisho na kupanda ndege viachane. Baada ya siku kadhaa za kushuka, kima cha chini ni saa 18, mimi nadai 24, na kwenye kundi dai hilo lisiwe na mjadala, maana kila mara yuko mmoja anayetaka "ya mwisho kabisa". Siku hiyo ya ukavu ina mengi. Kuna hifadhi ya Washington Slagbaai huko kaskazini, na flamingo wa ziwa la Gotomeer. Kuna vijumba vya mawe vya watumwa kando ya mabwawa ya chumvi, vilivyojengwa 1850, vifupi hivi kwamba mtu mzima anaingia kwa kuinama sana. Waliovuna chumvi walilala humo, familia zao zikiwa Rincon, upande wa pili wa kisiwa, na wakienda kwa miguu. Sehemu mbili za mbizi hapo jirani zinaitwa Red Slave na White Slave, yaani mtumwa mwekundu na mtumwa mweupe, na kila siku watu wanazitaja wakicheka huku wakifunga mitungi. Mtu wa pwani yetu, aliyewahi kushuka mahandaki ya watumwa ya Mangapwani, Unguja, hawezi kuyataja majina hayo kirahisi hivyo. Mkitoka hapo mkale mbuzi wa kuchemsha kwa viungo na funchi. Funchi ni ugali, hakuna jina lingine la kuupa, na wenzetu waliokuwa wamechoka mkate walikaribia kulia.

Mambo mawili ya karatasi, nayo yaanze miezi kabla. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haigusi ajali za mbizi. Kila mmoja akate ya wapiga mbizi, inayolipia chemba ya mgandamizo, chumba cha kutibia ajali za mbizi. Kralendijk wanayo chemba hospitalini, lakini matibabu yake si ya bei ya kuchangishana kwenye kundi la WhatsApp. Na wenye pasipoti za Kenya au Tanzania wawaulize ubalozi wa Uholanzi mapema, kwa sababu visiwa vya Karibi vina utaratibu wao wa viza, mbali na ule wa Schengen. Mweka hazina asipokee hata senti ya kukodi nyumba kabla kila mtu hajapata jibu la ubalozi.