Nani kaipa kompyuta yako anwani hiyo?

Maswali ya safari hii yanafanana: kompyuta ya ofisini haikuguswa na mtu, lakini imeamka na anwani ya mtandao isiyo yake. Nimeyajibu pamoja.

*Fundi, habari za kazi. Tuna kompyuta kumi na nne. Tangu Jumatatu nusu zinapata intaneti, nusu hazipati. Zilizogoma asubuhi zinapona mchana, halafu zinagoma nyingine. Kijana wetu ameshapiga Windows upya kwenye mbili bila mafanikio. Mhasibu, Morogoro.*

Nzuri, mama. Mwambie kijana asipige Windows ya tatu, kompyuta zenu hazina kosa. Kompyuta ikiwashwa haijui lolote kuhusu mtandao iliomo. Inaita kwa sauti: nani atanipa anwani? Mgawaji, yaani huduma ya DHCP iliyo ndani ya ruta (kifaa kinachoileta intaneti ofisini) au seva, anaijibu kwa kuipa anwani ya IP, yaani namba yake mtandaoni, lango la kutokea nje, na DNS ya kutafutia majina. Tatizo ni kwamba kompyuta haimwombi mgawaji kitambulisho. Kwa kawaida humkubali aliyewahi kujibu. Wagawaji wakiwa wawili, kila asubuhi inakuwa bahati nasibu, na hicho ndicho mnachokiona.

Hakikisheni hivi. Kwenye kompyuta nzima na kwenye iliyogoma, fungueni cmd, lile dirisha la kuandikia amri, andikeni `ipconfig /all`, kisha msome mstari wa DHCP Server. Moja ikisema 192.168.1.1 na nyingine 192.168.0.1 wakati ofisi ni moja, mgawaji wa pili yupo. Mara nyingi ni kiruta kidogo ambacho mtu kakileta toka nyumbani ili apate Wi-Fi, akachomeka waya kwenye tundu la LAN, yaani la mtandao wa ndani. Hapo kiruta kinaanza kugawa anwani kwa ofisi nzima.

Kukipata kilipo ndiyo kazi. Kwenye kompyuta iliyogoma andikeni `arp -a`, mnakili anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe, iliyo mbele ya 192.168.0.1. Nusu yake ya kwanza kwa kawaida humtaja mtengenezaji, kwa hiyo mtajua mnatafuta kifaa cha kampuni gani. Swichi yenu, kile kisanduku kinachokusanya waya za kompyuta, ikiwa ya kusimamiwa (yenye ukurasa wa mipangilio), jedwali lake la MAC litawaonyesha tundu lenyewe. Ikiwa ya kawaida, subirini watu watoke kazini, mwache `ping 192.168.0.1 -t` ikienda, mchomoe waya mmoja mmoja kwenye swichi. Waya utakaokatisha majibu ndio wa kuufuata. Mimi nimewahi kuufuata mmoja hadi nyuma ya kabati la majalada, siku mbili baada ya kuitwa.

Kikishatoka, kila kompyuta iliyogoma ipigwe `ipconfig /release` kisha `ipconfig /renew`, la sivyo inaweza kuendelea kushikilia anwani ya zamani hadi muda wake uishe. Na naomba aliyekileta asifokewe. Chumba chake hakishiki Wi-Fi, naye ana kazi ya kufanya. Kizimeni DHCP kiruta hicho, mkipe anwani yake isiyogongana na nyingine, kisha kirudi palepale kumhudumia. Mkija kununua swichi mpya, chagueni yenye DHCP snooping: mnaitajia tundu la mgawaji halali, nayo inayazuia majibu ya wagawaji wengine.

*Shikamoo fundi. Yangu imeandika 169.254 na tarakimu nyingine. Nani kaipa?*

Marahaba. Imejipa yenyewe. Iliita, hakuna aliyejibu, ikajichukulia anwani kutoka fungu lililotengwa kwa hali hiyo. Kama jirani yako yuko sawa, anza na waya wako na tundu lake. Kama ofisi nzima iko hivyo, mgawaji amezimika.

*Zahanati yetu ina Wi-Fi ya wageni. Ikifika saa nne simu zinazunguka tu, hazipati anwani. Asubuhi ni safi.*

Anwani zimekwisha. Fungu la mgawaji likiwa, tuseme, la kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.149, ni anwani 50 tu, na kila moja hukodishwa kwa muda. Windows Server, kwa mfano, huanza na siku 8. Mgonjwa aliyekaa dakika kumi anaondoka na anwani yake, kama abiria aliyeshuka Ubungo lakini kiti chake kikahesabiwa kina mtu hadi mwisho wa safari. Punguzeni muda wa wageni uwe saa moja au mbili, mpanue fungu, na kompyuta za matibabu ziwe kwenye mtandao wao. Hilo la mwisho msilicheleweshe.

*Printa inapotea kila wiki.*

Huenda anwani yake inabadilika, au iliandikwa kwa mkono ndani ya fungu la mgawaji na sasa inagongana na kompyuta. Iwekee nafasi yake kwa MAC kwenye ruta, ili mgawaji aipe anwani ileile kila mara.

*Tovuti zote zinafunguka isipokuwa mfumo wetu wa ndani wa malipo. Mwenzangu aliniwekea DNS ya 8.8.8.8.*

Hiyo ndiyo sababu. 8.8.8.8 ni ya umma, haijui majina ya ndani ya ofisi yenu. Rudisha DNS ijichukulie yenyewe, kisha andika `ipconfig /flushdns`. Ukiona bado inaletewa DNS ya nje, na wenzako vilevile, usiisahihishe kompyuta moja moja. Mwone msimamizi wa seva airekebishe kwa mgawaji, kisha kila mmoja aombe anwani upya.