Farasi Mchanga na Mtaro wa Kwanza

Wengi wanaomwandaa farasi kwa mbio za kuruka vikwazo vya porini huhangaikia urefu wa gogo. Lakini farasi wa miaka minne aliyezoea fito za uwanjani huruka gogo la sm 60 bila shida. Kinachomtisha ni mtaro, maji na tuta la kushuka, maana hapo hajui mguu utatua wapi.

Ila fito za uwanjani huanguka zikiguswa, gogo halisogei. Farasi akiligonga kwa miguu ya mbele, juu ya goti, anaweza kubinuka na kumwangukia mpandaji. Asiyekunja vizuri miguu ya mbele uwanjani asitolewe nje kwanza. Kofia ngumu na fulana ya kinga huvaliwa hata siku ya gogo dogo.

Mtaro wa kuanzia uwe na upana wa sm 60 na kina cha sm 30 hivi, kingo imara. Tanguliza farasi mzima, mtulivu, na mchanga afuate nyuma kwa nafasi ya farasi wawili au watatu, wote wakitembea. Shika singa, yaani nywele za shingo yake, au mkanda wa shingoni: farasi mchanga huruka kijitaro kana kwamba ni mto, na mpandaji aliyebaki nyuma humning'inia kwenye hatamu na kumuumiza mdomo. Akiumizwa mara mbili atakataa ya tatu, halafu aitwe mkaidi! Tazama mbali, si shimoni. Ukiinama, uzito wako humlemea mbele naye husita. Akisimama, mwache anuse, lakini asigeuke. Mbane taratibu kwa miguu yote miwili, subiri, mhimize tena. Fimbo hapa humthibitishia kwamba mtaro ni hatari.

Majini, kagua sakafu kwanza kwa miguu yako mwenyewe. Iwe ngumu, kina kisizidi sm 20, na mahali pa kuingilia pawe mteremko. Aingie akitembea, asimame, azunguke, kisha mchakamchaka. Akianza kuparapara maji msogeze upesi, huenda anataka kulala. Kidato cha sm 30 aruke kwanza akitoka majini. Kuingia kwa kuruka kuje baadaye sana.

Tuta pia hupandwa kabla ya kushukwa. Kwenye kushuka, kaa wima na uache hatamu ziteleze vidoleni.

Usikimbilie kasi. Uingereza, mashindano ya ngazi ya vikwazo vya sm 80 hukimbiwa mita 435 kwa dakika, na farasi anayejifunza hahitaji kuifikia bado. Mara moja kila wiki mbili, miruko 15 hadi 20, yatosha. Mifupa ya mgongo bado inakomaa. Ardhi ikikauka na kupasuka, kama udongo mweusi wa kandokando ya Nairobi wakati wa kiangazi, ahirisha. Kesho yake pitisha mkono kwenye kano za miguu ya mbele, ukilinganisha mmoja na mwingine. Joto au uvimbe upande mmoja, asipandwe mpaka daktari wa mifugo amwone.