Kabla ya Kuuliza Upana wa Tairi

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe wa msomaji anayejiandaa kuvuka milima kwa baiskeli, peke yake, kwa siku nane, katika eneo ambalo vijiji viko mbalimbali na mtandao wa simu haupatikani. Alikuwa na swali moja tu: tairi ziwe na upana gani? Nilitabasamu, kisha nikaona aibu, kwa maana hilo ndilo lililokuwa swali langu pia miaka miwili iliyopita, nilipotumia jioni tatu kulinganisha tairi na nusu saa tu kupanga siku za safari. Nitamjibu. Lakini kwanza naomba anivumilie nieleze jinsi ile nusu saa ilivyoniharibia safari nzima, na jinsi nilivyorudi mwezi uliopita kwenye njia ileile nikaimaliza.

Safu ile ya milima sitaitaja, kwa sababu kila ninapoitaja watu huacha kusikiliza na kuanza kuuliza habari za mandhari. Inatosha kusema kwamba njia ilikuwa na kilomita 640, nyingi zikiwa za changarawe na mawe, na kwamba jumla ya mpando wake, ukihesabu kila kilima tangu mwanzo hadi mwisho, ilikuwa mita 14,200. Namba ya kwanza niliikariri. Ya pili niliiona kwenye programu ya ramani, nikaistaajabia, nikawaonyesha marafiki, kisha sikuifanyia kazi yoyote. Niligawanya 640 kwa siku saba, nikapata kilomita 91 na ushei kwa siku, nikajiambia kwamba mtu anayeendesha kilomita 120 kila Jumapili hawezi kushindwa na 91. Mpango wangu ulikuwa ni huo. Niliuandika kwenye ukurasa mmoja wa daftari, kwa mwandiko mzuri, na ukurasa huo ninao hadi leo.

Siku ya tatu, ambayo daftari liliipa kilomita 88, nilimaliza kilomita 41 baada ya saa 11 njiani. Sikuwa mgonjwa wala baiskeli haikuwa na kasoro. Nilikuwa napanda tu. Palipokuwa na mwinuko mkali zaidi nilishuka nikasukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye kiti, hatua ishirini, kisha nabana breki ili baiskeli isirudi nyuma na mzigo wake, nahema, halafu hatua ishirini nyingine. Kilichoniumiza zaidi ya miguu ni kile kidole cha kubania breki, ambacho kufikia jioni hakikuweza tena kufunga zipu ya hema.

Nilikuwa na mwenzangu mmoja katika safari hiyo. Tulikuwa tumekubaliana tangu mwanzo kwamba kila mmoja ataendesha kwa mwendo wake, atabeba chakula chake na hema lake, na kwamba tutakutana jioni inapowezekana. Usiku ule wa siku ya tatu aliniambia kwamba ataondoka saa kumi na nusu alfajiri, na kwamba ingekuwa vyema na mimi niondoke saa hiyo. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu kwamba mbele kuna mto. Nikamwambia kwamba mto hauhami, nikalala mpaka mwanga ulipoingia hemani, na nikaondoka saa mbili asubuhi.

Mto ulikuwa umbali wa kilomita 24 tu, ng'ambo ya kipito cha mlima, yaani pengo la kuvukia kati ya vilele, kilichohitaji kupanda mita 1,300. Nikiwa nateremka upande wa pili, jiwe lilichana ubavu wa tairi ya nyuma, na ilinibidi niweke kipande cha mfuko wa biskuti kilichokunjwa mara tatu kati ya tairi na tyubu ili tyubu isitokeze kwenye tundu. Kazi hiyo ilinila saa nzima. Nilifika mtoni saa kumi alasiri. Niliusikia kabla ya kuuona, na sauti niliyoisikia haikuwa ya maji peke yake, bali ya mawe yaliyokuwa yakiviringishwa na maji chini kabisa, yakigongana kwa mlio mzito kama magunia yanayoangushwa kwenye ghala. Nilichomeka fimbo hatua mbili kutoka ukingoni na ikazama hadi juu ya goti. Hatua ya tatu sikuijaribu.

Mwenzangu alikuwa ameuvuka kabla ya saa nne asubuhi, maji yakiwa chini ya goti. Mto unaotokana na barafu ya milimani haulingani saa zote. Usiku baridi huzuia barafu isiyeyuke, kwa hiyo alfajiri maji huwa machache. Jua likishapanda barafu huyeyuka, maji yake huchukua saa kadhaa kufika bondeni, na ndiyo maana alasiri na jioni mto huwa umejaa. Yeye aliyajua hayo. Mimi sikuyajua, na neno alilonipa lilikuwa moja, "mto", bila maelezo. Najua kwamba kosa lilikuwa langu. Hata hivyo, baada ya miaka miwili bado sielewi ni kitu gani kilimzuia kuongeza sentensi mbili.

Ningeweza kulala ukingoni na kuvuka asubuhi yake, kama ningekuwa na chakula. Daftari lilisema kwamba jioni ya siku ya nne nitakuwa kijijini penye duka, nami nilikuwa nimebeba chakula cha siku nne kamili, bila hata mlo mmoja wa akiba. Kijiji kilikuwa bado mbele kwa zaidi ya kilomita 150. Nilibakiwa na karanga za kujaza viganja viwili. Nililala hapo, nikageuka alfajiri, nikatumia siku mbili za njaa kurudi nilikotoka, na sehemu ya mwisho niliimalizia juu ya lori la mbao. Siku tatu baadaye mwenzangu alituma picha yake akiwa mwisho wa njia, na chini yake ameandika pongezi kwa "wote waliofika". Tulianza tukiwa wawili.

Sasa nije kwenye mpango. Ndugu msomaji, milimani hesabu saa, kilomita ziache. Wazo hili si langu wala si jipya. Mwaka 1892 mpanda milima wa Uskoti aitwaye William Naismith aliwapa watembea kwa miguu kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila maili tatu, na saa nyingine kwa kila futi 2,000 za kupanda, yaani takriban kilomita 5 na mita 600. Mimi nilikaa na rekodi za safari zangu zote za barabara mbovu, nikiwa na mzigo kamili, nikatengeneza kanuni yangu mwenyewe, ambayo ni saa moja kwa kila kilomita 12 na saa moja zaidi kwa kila mita 350 za kupanda. Nilipoitumia kupima siku yangu ya tatu kama ilivyoandikwa daftarini, yenye kilomita 88 na mpando wa mita 3,100, nilipata zaidi ya saa 16 za kukanyaga pedali na kusukuma, bila kula, bila kupumzika, bila pancha. Nilikuwa nimejipangia siku isiyowezekana na kuisindikiza kwa mwandiko mzuri. Njia nzima, kwa kanuni hiyohiyo, ilihitaji takriban saa 94. Na kwa kuwa najijua kwamba baada ya saa tisa na nusu za mwendo akili yangu huanza kufanya mambo ya kipumbavu, zilikuwa siku 10. Niliongeza moja ya akiba. Kanuni yangu si lazima ikufae wewe. Pima mwenyewe, ukiwa na mzigo uleule utakaoubeba, kwenye mlima halisi, na usipime siku ya kwanza ya wikendi ukiwa na nguvu. Pima ya pili.

Ukishapata saa, chakula hujipanga chenyewe. Mimi, baiskeli, maji na mzigo tulikuwa na jumla ya kilo 105. Kuinua uzito huo mita 1,900 ni kazi ya takriban kilojuli 1,960, na kwa kuwa misuli hugeuza karibu robo tu ya nishati ya chakula kuwa kazi, kila kilojuli inayofika kwenye pedali hugharimu takriban kilokalori moja. Kwa maneno mengine, siku yenye mpando kama huo inakula karibu kilokalori 2,000 kwa ajili ya kupanda peke yake, kabla hujalipia upinzani wa changarawe, baridi ya usiku, na mwili wenyewe kuendelea kuishi. Mtu anayebeba chakula kwa kukadiria kwa macho hubeba kile anachokula akiwa ofisini. Nilibeba hivyo.

Saa hizohizo ndizo zitakazokuambia utafika wapi muda gani, na hilo ndilo jambo ambalo wapangaji wengi hulipuuza. Mto uufikie asubuhi. Kipito cha mlima ukivuke kabla ya mchana kugeuka, kwa sababu katika safu nyingi za milima mawingu ya radi hukusanyika alasiri, na hakuna mahali pabaya pa kukutwa na radi kama mgongo wa mlima usio na mti. Joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo bonde lenye nyuzi 15 linaweza kuwa na kipito chenye nyuzi 2, na wewe utakifikia ukiwa umelowa jasho, kisha utateremka nusu saa bila kukanyaga pedali huku upepo ukipita kifuani. Vaa koti kabla hujaanza kuteremka, hata kama unaona joto. Na ukipita mita 3,000, angalia zaidi mahali unapolala kuliko unapopita: ushauri wa kawaida wa madaktari wa milimani ni kutopandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku, na kupumzika usiku mmoja wa ziada kila baada ya siku tatu au nne. Kipito cha Ak-Baital huko Tajikistani kiko mita 4,655, na hewa yake ina kanieneo, yaani mgandamizo, iliyozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Ukisikia kikohozi na kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, teremka mara moja.

Vifaa nitavipitia haraka, kwa kuwa ndivyo mnavyovipenda na mnavijua kunishinda. Gia ya chini kabisa iwe chini kuliko unavyodhani unastahili. Sproketi (gurudumu la meno linaloshika mnyororo) ya mbele yenye meno 34 na ya nyuma yenye 51 hazinitii aibu hata kidogo. Simu na pawabanki lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, maana baridi hupunguza nguvu ya betri. Kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti kibebe, na aliyebaki nyumbani aachiwe ratiba yako ya saa, pamoja na saa ambayo ikifika bila habari zako ataomba msaada. Pedi za breki beba seti mbili za ziada, hata kama fundi atakuambia, kama wangu alivyoniambia huku akifuta mikono, kwamba zilizopo zinatosha. Matope yenye mchanga huzila pedi kwa siku moja ya mvua. Aliyeniambia zinatosha hakuwepo kwenye ule mteremko wa kilomita 14 nilioushuka kwa kuburuta soli ya kiatu.

Mwezi uliopita, basi, nilirudi. Kwenye ukurasa mpya wa daftari kila siku ilikuwa na mstari mmoja wa saa, mmoja wa mpando, mmoja wa mahali pa kugeukia ikibidi. Siku ya akiba niliitumia yote ndani ya hema, theluji ikianguka, na sikuwa na wasiwasi wowote kwa sababu siku hiyo ilikuwa imeandikwa. Usiku wa siku ya tatu nililala kilomita tatu kabla ya mto. Nilifika ukingoni saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Maji yalikuwa chini ya magoti, ya kijivu kama maji ya kuoshea jivu, baridi kiasi cha kuuma mifupa ya vifundo, na mawe ya chini hayakutoa sauti yoyote. Nilivuka mara mbili, mara ya kwanza na mizigo, mara ya pili na baiskeli begani. Nilitumia dakika tisa.

Nilipiga picha ya mto, na nilipopata mtandao siku nne baadaye nilimtumia mwenzangu yule wa zamani, pamoja na saa niliyouvuka. Alijibu kwa alama ya dole gumba. Nimeamua kuichukulia kuwa ni pongezi.

Kuhusu tairi: inchi 2.2 zilinitosha.