Kwa fundi anayeanza: laptopu inapokataa intaneti ya laini

Laptopu yenye kadi ya intaneti ya simu ndani yake huletwa kwa fundi na lalamiko moja tu, kwamba haiingii mtandaoni. Lalamiko hilo peke yake halikufikishi popote, kwa sababu kati ya laini na ukurasa unaofunguka kuna hatua tano, na kila moja inaweza kukatika peke yake: laptopu iione kadi, kadi iione laini, laini ipokelewe na mtandao, mtandao uipe laptopu anwani (namba ya kuitambulisha mtandaoni), ndipo data ipite. Nakusihi usiguse chochote kabla hujajua mnyororo huu umekatikia wapi.

Nasema hivi kwa sababu nilipoanza kazi hii niliwahi kufuta mfumo endeshi wote wa laptopu ya mteja na kuuweka upya, kazi iliyonila siku nzima, na ilipowaka bado iliandika kwamba hakuna laini. Nilipoitoa laini ndipo nilipoona kwamba ilikuwa ndogo kuliko nafasi yake, imewekwa ndani ya fremu ya plastiki ili itoshe, nayo ilikuwa imeteleza kidogo tu, kiasi kwamba sehemu zake za dhahabu hazikugusana na meno ya kadi. Tangu siku hiyo, laini ya mteja huanza kwa kuingia ndani ya simu yangu ya majaribio. Ikishindwa kufungua ukurasa humo, laptopu haina kosa, na mteja anapaswa kwenda kwa kampuni yake ya simu.

Anza basi na kuonekana kwa kadi. Fungua orodha ya vifaa ya Windows, au kwenye Linux andika amri ya mmcli -L, uangalie kama modemu, yaani hiyo kadi, ipo. Kifaa kisicho na draiva, yaani programu inayokiendesha, kwa kawaida bado huonekana katika orodha ya Windows, kikiwa na alama ya njano. Kwa hiyo kadi isiyoonekana kabisa mara nyingi inakuambia kwamba tatizo liko chini zaidi, yaani imezimwa katika mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha laptopu), haikukaa sawasawa katika nafasi yake, au haipo. Usicheke hilo la mwisho, kwa kuwa zipo laptopu zinazouzwa zikiwa na tundu la laini ubavuni ilhali ndani hazikufungwa kadi yoyote. Zipo pia zinazokataa kadi ambayo mtengenezaji hakuiidhinisha, na hizo hutoa onyo mara tu zinapowashwa.

Kwenye laini yenyewe sina mengi ya kuongeza ila tahadhari moja. Ikiwa imefungwa kwa PIN, usibahatishe: ukikosea mara tatu itadai PUK, namba ya kuifungulia inayotoka kwa kampuni ya simu, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa, hairudi tena.

Hatua ya tatu ndiyo inayowatesa wengi, kwa sababu kadi inaonekana, laini inasomeka, lakini mtandao haupatikani au unapatikana kwa kulegalega. Kwanza tazama nguvu ya mawimbi kwa namba, usitosheke na vile vimstari. Kwenye 4G kipimo cha nguvu ya mawimbi kiitwacho RSRP kikiwa karibu na -85 dBm hali ni njema, kikishuka hadi -115 kadi inahangaika. Ikiwa simu iliyo mezani hapo hapo, kwenye mtandao ule ule, inapata mawimbi mazuri na laptopu haipati, shuku waya za antena. Zima laptopu, chomoa chaji, tenga betri, kisha fungua kifuniko na utazame waya mbili nyembamba zinazoishia kwenye kadi kwa vichwa vya duara vyenye upana wa milimita mbili hivi. Kichwa kilichoachia huonekana kama kimekaa, lakini ukikigusa kwa ncha ya kidole kinayumba. Kiweke sawa juu ya tundu lake, bonyeza wima bila kukiinamisha, na utahisi mlio mdogo chini ya kidole. Usikifungue na kukifunga mara kwa mara kwa ajili ya kujiridhisha, maana viunganishi hivi havikutengenezwa kwa matumizi hayo. Vya aina ya U.FL hukadiriwa kufungwa mara 30 tu. Antena zikiwa salama, linganisha masafa ambayo kadi inayakubali na yale yanayotumiwa na kampuni ya laini, kwani kadi iliyotengenezwa kwa soko moja huenda isiyajue masafa ya soko jingine, na kadi ya zamani inayojua 3G pekee haina pa kushika pale ambapo mtandao huo umekwisha kuzimwa.

Kadi ikiwa imesajiliwa na mawimbi ni mazuri lakini hakuna anwani, karibu kila mara kosa liko kwenye APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu. Usiliandike jina hilo kwa kukumbuka. Lichukue kutoka kwenye mipangilio ya ile simu ambayo laini ilifanya kazi, ulinakili herufi kwa herufi, pamoja na jina la mtumiaji na nywila kama zipo.

Anwani ikipatikana na kurasa bado hazifunguki, andika ping 8.8.8.8, amri ya kuiita seva ya Google kwa namba yake. Majibu yakirudi, njia ni nzima na hitilafu iko katika kutafsiri majina ya tovuti, kwa hiyo badilisha seva ya DNS, ile inayofanya tafsiri hiyo. Yasiporudi, angalia kwanza kama kifurushi kimekwisha, jambo ambalo mafundi wengi hulikumbuka baada ya saa nzima.

Ikiwa kila kitu kinafanya kazi hadi laptopu inapolala, kisha kadi haiamki nayo, ingia kwenye sifa za kadi katika orodha ya vifaa na uondoe ruhusa ya kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kisha ilaze na kuiamsha mara tatu au nne mbele ya mteja kabla hujaifunga skrubu zake.