Mapigo yanapopanda tena baada ya kukimbizwa

Yaya, umeuliza kwa nini farasi wako alipimwa mapigo ya moyo 60 kwa dakika kwenye kituo cha ukaguzi cha mbio za masafa marefu, kisha baada ya kukimbizwa mbele ya daktari yakawa 72. Kikomo cha 64, kinachotumika kwenye mbio nyingi, hakukivuka kwenye kipimo cha kwanza, lakini kipimo cha pili ndicho cha kuogopa. Mnapima, anakimbizwa mchakamchaka mita 40 kwenda na 40 kurudi, na dakika 1 tangu alipoondoka mnapima tena. Yakilingana au yakishuka, sawa. Yakizidi kwa 4 au zaidi, tafuta maumivu, joto au upungufu wa maji. Kwa 12, mimi nisingemrudisha njiani.

Stetoskopu iweke kushoto, nyuma ya kiwiko. “Du-dup” ni pigo moja; wengi huhesabu mawili. Sekunde 15 mara 4 yatosha, ila moyo ukirukaruka hesabu dakika nzima. Bonyeza ufizi: rangi irudi ndani ya sekunde 2. Tumbo likinyamaza kabisa, mwite daktari.

Kwa joto la Lubumbashi mwezi wa 10, vua tandiko upesi, mmwagie maji shingoni na kifuani mfululizo. Na farasi mwenzake asiondolewe karibu wakati wa kupima. Wasiwasi pekee hupandisha mapigo.