Chupa ya chini ya kitanda: niliyojifunza nikimuuguza kaka

Kaka yangu alikaa siku 11 na mpira kifuani, na mimi nilikaa naye siku zote hizo pembeni mwa kitanda. Naandika kwa ajili ya wewe ambaye leo umeambiwa mgonjwa wako atawekewa mpira wa kutoa maji au usaha kifuani, na hujui hata uulize nini.

Ilianza kama nimonia. Alipewa dawa, akapata nafuu, kisha homa ikarudi kwa nguvu. Upande wa kulia ukawa unamchoma kila akivuta pumzi, na usiku akawa halali mpaka aegemee mito. Picha ya eksirei ilionyesha kifua cha kulia cheupe kuanzia katikati mpaka chini. Daktari akamchoma sindano mgongoni, akavuta, ukatoka usaha mzito. Akatuambia waziwazi kwamba usaha ukishajikusanya pale, dawa peke yake haiumalizi. Lazima utolewe.

Mama akakataa. Alisema, "Mwanangu, wakishamtoboa kifua hatoki humu." Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni, na huenda hata wewe umeyasikia. Nadhani yanatokana na wagonjwa wanaoletwa wakiwa wamechelewa sana. Wakifariki, lawama anabebeshwa mpira. Tukapoteza usiku mzima kwa mabishano, kaka akihema mbele yetu.

Kilichombadilisha mama ni mchoro. Asubuhi daktari alichukua bahasha ya eksirei, akaigeuza, akachora pafu kwa kalamu. Akachora tando mbili, moja imelifunika pafu na nyingine imeshikana na mbavu kwa ndani. Kati ya tando hizo huwa na unyevu kidogo tu, wa kulifanya pafu liteleze tunapopumua. Ugonjwa ukijaza maji, usaha, damu au hewa pale kati, pafu linakosa nafasi ya kutanuka. "Mama, mpira hauingii ndani ya pafu," akamwambia. "Unakaa nje yake, unatoa kinacholibana." Mama akauliza mara mbili kama kweli pafu halitobolewi, kisha akasema, "Haya." Kama hujaelewa, omba uchorewe. Usione aibu.

Mpira wenyewe unapitishwa ubavuni, chini kidogo ya kwapa, baada ya sindano ya ganzi. Wanaupitisha juu ya ubavu kwa sababu mishipa ya damu na ya fahamu inapita chini ya kila ubavu. Wa kaka uliandikwa namba 28. Namba hiyo ukiigawa kwa 3 unapata unene wake kwa milimita, kama 9 hivi. Ganzi inaondoa uchungu wa kisu, lakini ule msukumo mpira unapoingia anausikia. Mwambie mapema ili asishtuke.

Sasa chupa. Hapa ndipo ningependa utulie na mimi, maana wodi ile ilikuwa na nesi wawili kwa zamu na vitanda vimejaa. Anayeitazama chupa saa zote ni wewe.

Chukua mrija wa soda, uzamishe kwenye glasi ya maji. Ukipuliza, hewa inatoka kwa mapovu. Ukivuta, unapata maji, hupati hewa. Chupa ya kifuani inafanya kazi hivyohivyo. Mpira wa mgonjwa unaungana na mrija mrefu ambao ncha yake imezama kama sentimita 2 ndani ya maji safi. Hewa na usaha vinatoka, lakini hewa ya nje haipati njia ya kurudi kifuani. Daktari Mjerumani, Gotthard Bülau wa Hamburg, alianza kuitumia njia hii mwaka 1875, na mpaka leo wagonjwa wanapona nayo. Kwingine utakuta boksi la plastiki lenye vyumba vitatu, limeunganishwa na mashine ya kuvuta, lakini kanuni ni ileile ya maji.

Kwenye kifuniko kuna mrija wa pili, mfupi, ulio wazi. Huo ni wa kutolea hewa. Siku ya tatu harufu ya usaha ilikuwa kali, na ndugu mmoja aliyekuja kututazama akachukua pamba akauziba, kwa nia njema kabisa. Mimi nilikuwa nimetoka kuchukua uji. Niliporudi kaka alikuwa anatweta, ameshika ukingo wa kitanda. Nesi alikuja mbio, akaichomoa ile pamba, mapovu yakatoka mfululizo na baada ya muda pumzi ikatulia. Hewa ilikuwa inatoka kifuani na haina pa kwenda. Tangu siku hiyo kila aliyekuja kumwona kaka nilimwonyesha ule mrija kabla hajakaa. Kama chupa inanuka, waambie wahudumu. Usizibe kitu chochote.

Jambo la pili ni kimo. Chupa ikae chini ya kifua cha mgonjwa saa zote, sakafuni ndiyo mahali pake. Ikiinuliwa usawa wa kifua au juu zaidi, kilichotoka kinaweza kurudi. Tulipopelekwa eksirei, aliyesukuma kitanda aliiweka chupa juu ya godoro kati ya miguu ya kaka, na nikaona kwa macho yangu majimaji ya kahawia yanarudi kwenye mpira kuelekea ubavuni. Niliichukua nikaishika chini, wima, njia nzima. Fanya hivyo bila kuogopa kuonekana mjuaji. Utaona pia vibanio vya kuufunga mpira. Hivyo usiviguse: mpira wa kifua kinachotoa hewa ukibanwa, hewa inajaa ndani na inaweza kuua.

Nesi mmoja wa zamu ya usiku alinifundisha kuisoma chupa. Akaniinamisha akaniambia, tazama maji ndani ya mrija mrefu. Kaka akivuta pumzi yanapanda, akitoa yanashuka. Hiyo ni dalili kwamba njia iko wazi. Yakisimama kabisa, kwanza angalia kama mgonjwa ameulalia mpira au umejikunja, kisha ita nesi. Huenda umeziba, au pafu limeshajaa mahali pake, na ni wao wa kujua. Mapovu machache akikohoa si ajabu. Mapovu mengi yasiyokoma, ambayo hayakuwepo, mwite nesi.

Ubavuni mwa chupa kulikuwa na plasta nyeupe iliyobandikwa wima, na kila asubuhi nesi alichora mstari kwa kalamu usawa wa majimaji, akaandika tarehe na saa. Siku ya kwanza nilishtuka kuona nusu lita dakika ileile chupa ilipounganishwa. Kumbe yalikuwa maji waliyoyaweka wenyewe. Uliza waliweka kiasi gani, ukitoe kwenye hesabu. Kaka ni seremala, amezoea mistari ya penseli. Alipoona mistari inaanza kukaribiana ndipo uso wake ukachangamka kwa mara ya kwanza.

Na usitamani yatoke yote kwa mkupuo. Mgonjwa mwenye maji mengi kwa kawaida wanasitisha yakifika lita moja na nusu hivi, kwa sababu pafu lililobanwa muda mrefu likitanuka ghafla linaweza nalo kujaa maji. Akianza kukohoa mfululizo au kubanwa kifua wakati yanatiririka, sema papo hapo.

Maumivu yalitusumbua kuliko nilivyotarajia. Kaka alikuwa anavuta pumzi fupifupi ili mpira usimchome, naye mtu wa mazoezi ya viungo akasema hivyo pafu halitafunguka. Tukapanga na nesi apewe dawa ya maumivu kwanza, ikishaanza kufanya kazi ndipo akae, avute pumzi ndefu, akohoe akiwa amekumbatia mto ubavuni. Kisha atembee. Chupa tuliiweka kwenye ndoo ndogo ili isianguke, mama akaibeba chini, wakawa wanakwenda mpaka dirishani na kurudi. Mama yuleyule.

Mambo mawili ya dharura uyajue kabla hayajatokea. Mpira ukichomoka kifuani, funika tundu mara moja kwa gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, au kiganja kama hakuna kingine, na upige kelele waje. Mpira ukiachana na chupa, au chupa ikivunjika, zamisha ncha ya mpira kwenye chupa nyingine ya maji safi, uishike chini ya kifua, na uite msaada. Sisi tuliweka chupa ya maji ambayo haijafunguliwa chini ya kitanda kwa ajili hiyo, kwa ushauri wa nesi wa usiku.

Siku ya 11 eksirei ilionyesha pafu limefunguka, na kwenye plasta mistari miwili ya mwisho ilikuwa karibu imegusana. Daktari akamwambia kaka avute pumzi, aibane, akauchomoa mpira kwa mkupuo mmoja na kukaza uzi kwenye kidonda. Haikufika sekunde kumi. Kaka akaachia pumzi, akavuta nyingine ndefu, polepole, akisubiri lile chomo. Halikuja. Akavuta tena.

Tuliondoka na dawa za wiki kadhaa, tarehe ya kutoa uzi na tarehe ya eksirei nyingine, na tukaambiwa turudi bila kusubiri tarehe akipata homa, akibanwa pumzi au kidonda kikitoa usaha. Karatasi hiyo mama aliikunja akaifunga kwenye pindo la khanga.