Kabla ya "ba be bi bo bu"

Mwaka wangu wa pili kazini nilikuwa nafundisha darasa la kwanza katika kijiji kimoja mkoani Shinyanga, na kufikia mwezi wa nane niliamini watoto wangu wanasoma. Nikiandika ubaoni "Juma anacheza mpira", darasa zima linaitika kwa sauti moja mpaka mabati yanatikisika. Siku moja nikafuta, nikaandika maneno yaleyale kwa mpangilio mwingine: "Mpira anacheza Juma." Nikanyoosha fimbo ubaoni.

"Juma anacheza mpira!"

Nikamwita kijana niliyemtegemea kuliko wote, nikagusa neno la mwisho, nikamwambia asome hilo tu. Akaanza kunong'ona tangu mwanzo, "Juma... anacheza...", kisha akapaza sauti kwa furaha: "Mpira!" Pale palikuwa pameandikwa Juma.

Hakunidanganya. Miezi minane nilikuwa nimewafundisha kuimba, nao waliimba vizuri. Usingizi wa usiku ule ulikuwa mgumu, na yote ninayoyaandika hapa yametokana na siku ile. Nawaandikia hasa walimu wenzangu mnaopangiwa darasa la kwanza au la pili kwa mara ya kwanza.

Tatizo hili si la darasa langu peke yake. Tathmini za Uwezo, mpango wa kupima watoto kusoma na kuhesabu, zilizoanza kupita nyumba kwa nyumba mwaka 2010, zilionyesha watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliotilia mkazo KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Niliufurahia, na mkazo huo bado naufurahia. Ila darasani kwangu nimejifunza kuwa kuna K nyingine inayotangulia zote, nayo ni kuzungumza. Mtoto hawezi kusoma neno ambalo halimo masikioni mwake. Atalitamka tu.

Watoto wangu wengi huja shuleni na Kisukuma. Asubuhi ya kwanza wanakusalimia "mwangaluka", na ukianza moja kwa moja na "a, e, i, o, u", umewapa mizigo miwili kwa pamoja: lugha ngeni na maandishi mageni. Kwa hiyo wiki tatu za kwanza sigusi herufi. Tunazungumza. Naleta kikapu, kata, mchi, jembe. Tunataja, tunashika, tunaulizana nani anacho nyumbani na kinafanya kazi gani. Tunategana vitendawili. Mtoto mwenye haya, ambaye hawezi kusimama peke yake aseme sentensi moja, ukisema "Nyumba yangu haina mlango" atajikuta amepiga kelele "Yai!" pamoja na wenzake, na kesho yake atataka kutega yeye.

Kisukuma sikikatazi. Nimewahi kuona shule ambako mtoto anayeteleza na kusema lugha ya nyumbani anavishwa kibao shingoni mpaka ampate mwenzake aliyeteleza naye. Nawasihi, msifanye hivyo. Mtoto yule hajifunzi Kiswahili, anajifunza kunyamaza, na mtoto aliyenyamaza humwoni anapokwama. Kuna mmoja alinisimulia, "Mwalimu, jana balabalani..." Sikumkatiza. Nikamjibu, "Ehe, barabarani ukaona nini?" Akaendelea na nyoka wake. R ilikuja yenyewe baada ya miezi, kwa kusikia.

Baada ya mazungumzo ndipo tunakata maneno kwa makofi. Hapa pana jambo ambalo chuoni sikulizingatia. Mbuzi ni makofi mawili: mbu-zi. Mbuyu je? Ni matatu: m-bu-yu. M ya mbuyu inasimama peke yake kama ya mtoto na mti, ndiyo maana ikiwa mingi tunasema mibuyu; mbuzi wakiwa wengi ni mbuzi tu. Nilikuwa nawasahihisha watoto waliopiga makofi matatu kwenye mbuyu, kumbe masikio yao yalikuwa sahihi na mimi ndiye niliyesoma kwa macho. Piga makofi wewe kwanza, nyumbani, kabla hujaingia darasani.

Herufi zikija, zije kwa sauti yake, si kwa jina. Ukimfundisha kuwa hii ni "em", akikutana na mama atakusomea "emaema", na atakuwa amefuata ulichomwambia. Mwambie "mmm", midomo imefungwa. Pia usifuate mpangilio wa alfabeti. Mimi baada ya irabu naanza na m, k, t, l na n, kwa sababu zinanipa maneno mapema: mama, kaka, kuku, meno, mtama. Mtoto akisoma "mtama" wiki ya sita, na mtama ndio aliokula jana, anaona faida ya kazi yenyewe. Herufi b na d nazitenganisha kwa wiki nyingi. Nikishaifikia d nawaambia: b huanza na fimbo halafu tumbo, d huanza na tumbo halafu fimbo. Wanaandika hewani kwa mkono mzima kabla ya kugusa penseli.

Nyimbo za silabi siku hizi naziimba bado, watoto wanazipenda, lakini kila baada ya wimbo navuruga. Naandika bu, kisha bi, kisha ba, na kumwita mmojammoja. Jambo lolote ambalo darasa zima linaitika kwa pamoja, usilihesabu kuwa limejulikana.

Kuandika kusisubiri kusoma kukamilike. Imla ya maneno matano kila siku inatosha, dakika kumi tu. Kisha kila Ijumaa mtoto anaandika neno au sentensi yake mwenyewe, anayoitaka yeye. Ijumaa moja kijana wa dawati la nyuma aliniletea daftari lenye mstari huu: "gombewetuamezaa". Kalamu nyekundu ilikuwa mkononi, nikaiweka mezani. Nikamwambia anisomee akifuata kwa kidole. Akasoma "Ng'ombe", akasimama, akarudisha kidole mwanzo, akatazama g yake muda mrefu. "Mwalimu, haijatosha." Akaongeza n mbele na kile kimkwaju chake juu. Watoto wa huku sauti ya ng' wanayo tangu nyumbani, kwa hiyo sikio lilimwambia. Nafasi kati ya maneno tulizirekebisha kwa kidole: neno, weka kidole, neno. Ndama yule tulimwongelea wiki nzima, na wenzake wakaanza kuandika habari za mifugo yao.

Najua utaniuliza: hayo yote kwa watoto wangapi? Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, darasa langu lilivuka watoto 130, wengine wakikaa sakafuni. Sitasema ni rahisi. Kilichonisaidia ni kuacha kuwapanga kwa dawati na kuwapanga kwa hatua: wa sauti, wa silabi, wa maneno, wa sentensi. Wakati kundi moja liko nami, jingine linapanga vizibo vya soda nilivyoviandika herufi, jingine linasomana wawili wawili. Kelele zipo, zivumilie. Na kila siku nawaita watoto watano kando, chini ya mti, kila mmoja dakika mbili, anasoma peke yake kitu ambacho hajawahi kukiona. Watano kwa siku ni mia moja kwa siku ishirini za shule. Daftari ninaloandikia matokeo hayo ndilo linaloniambia nani ahame kundi, na sijaona kifaa kingine kinachonisaidia zaidi yake.

Mzazi naye ana kazi yake, hata asiyejua kusoma. Nawaambia kwenye kikao: mwambie mtoto akusomee chochote kilichoandikwa ndani ya nyumba. Mfuko wa unga, boksi la sabuni, kanga. Kanga ni kitabu kizuri sana, na maandishi yake ni ya herufi kubwa, ambazo mara nyingi tunazifundisha kwa haraka. Mama mmoja alikuja kuniona habari za sare ya binti yake, amejifunga kanga. Binti akaanza kufuata pindo kwa kidole, akizunguka nyuma ya mama yake: HA-SI-DI HA-NA SA-BA-BU. Silabi nyepesi zote, alikuwa anaziweza. Mama akageuka, akashika lile pindo.

"Kumbe ndivyo ilivyoandikwa? Mwaka wa pili huu naivaa."

Kisha binti akauliza hasidi ni nani, tukakaa kuzungumza.

Mwezi uliofuata mama yule alirudi na kanga nyingine, ameikunja mkononi, akaniambia hii imemshinda mwanafunzi wako. MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nj, mw na ny katika mstari mmoja. Tuliitandika juu ya jamvi, watoto wa kundi la maneno wakaizunguka, tukaanza na makofi.